Tabasamu la Getini

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Lile la zamani lilipelekwa kufanyiwa uhakiki, na mpaka litakaporudi tumeelekezwa kusema "nchi" tu, kwa sauti ya kawaida, bila kunyoosha kidole. Kwa hiyo nikisema nchi, mjue ni hiyo, na nikisema Jiji, mjue ni hilo hilo mnalolifikiria, ila msinitie matatani. Mimi ni mjumbe wa mtaa. Nyumba zote kuanzia kwa muuza mkaa mpaka kwenye karo la maji machafu lililobomoka ziko chini yangu, na mihuri ninayo miwili. Mtu mwongo hapewi mihuri miwili.

Nasimulia haya kwa sababu wapo watu, na hawakosekani, wanaozusha kwamba Kadi ya Heri ilimuua fundi Hemedi Chande. Uzushi mtupu! Hemedi aliuawa na moyo wake mwenyewe. Kadi ilichofanya ni kumzuia asitoke, basi.

*

Kabla ya Kadi ya Heri tulikuwa watu wa ajabu sana. Tulipanda mabasi kwa noti zilizokunjwa ndani ya soksi, tukagombana na makondakta kuhusu chenji, tukashuka popote tulipotaka huku tumenuna. Serikali ikaona haiwezekani. Ukaja mradi wa Mwendo Heri: mabasi marefu yenye mpira katikati, barabara yake peke yake, vituo vya vioo, na kadi ya plastiki ya kijani yenye picha ya Waziri akicheka. Unaiongezea salio kwa wakala, unaigusisha getini ukiingia, unaigusisha tena ukitoka. Jambo jepesi. Hata mama yangu aliliweza, na mama yangu mpaka leo akitaka kuzima redio anaifunika kitambaa.

Mwaka wa kwanza wataalamu walisimama vituoni kuwauliza abiria kama wameridhika. Majibu yalikuwa mabaya mno, na mengine yalimtaja mama mzazi wa Waziri. Mheshimiwa Dakta Lumuliko, Waziri wa Mwendo na Ridhaa ya Abiria, aliisoma ripoti ile kurasa mbili, akaifunga, akasafiri na ujumbe mzito kwenda ng'ambo kujifunza. Aliporudi akatuita Uwanja wa Sherehe.

"Ndugu wananchi," akasema, "huko nilikotoka nimeona maajabu. Treni zao zinakwenda kama risasi, lakini watu wao wanashuka wamenuna! Nikajiuliza, haya ni maendeleo gani ya kununa? Sisi hatutaiga kila kitu. Treni hatuna, ni kweli, lakini furaha tunayo. Na ushahidi wa furaha, ndugu zangu, ni meno!"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha, maana nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Basi mageti yote ya kutokea yakawekewa mashine yenye jicho la kioo. Kuingia hakukuwa na masharti, unaweza kuingia umenuna, unalia, unatukana, mradi kadi ina salio. Kutoka ndiko kulikokuwa na utaratibu. Unagusisha kadi, unatazama jicho la mashine, na sauti ya dada mmoja laini kabisa inakwambia: "Mpendwa abiria, tazama hapa. Tabasamu." Ukiwa umefumbua macho na midomo imepanda pembeni, geti linafunguka. Usipotabasamu hutoki, na salio linaendelea kukatwa kwa muda unaokaa ndani, kwa sababu abiria asiye na furaha anachukua nafasi. Kila mwisho wa mwezi Wizara inatangaza redioni kwamba abiria wote walioshuka wameshuka na furaha, mia kwa mia. Wanasema hakuna nchi nyingine duniani yenye rekodi hiyo, na mimi nawaamini.

Matatizo madogo yalikuwepo. Mzee mmoja wa mtaani kwetu mwenye kiharusi cha upande, mashine ilimhesabia nusu tabasamu ikamkata nauli mbili. Wanaotoka hospitalini kutazama wagonjwa wao walikuwa wanajazana getini kama maji kwenye bomba lililoziba. Ndipo mimi nikaanzisha darasa la tabasamu uani kwangu, bure, kwa moyo wa kizalendo. Kila mtu alitafuta njia yake. Mke wangu hukumbuka siku nilipotumbukia mtaroni na kanzu mpya, harusini kwa dada yake, na geti humfungukia upesi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Aliyekataa kuja darasani alikuwa mmoja, Hemedi.

*

Hemedi alikuwa fundi wa majiko ya bati. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yangu, na nyundo yake ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi miaka yote. Mtu wa maneno machache, uso umekunjamana kwa moshi na jua. Nilipompelekea habari za darasa aliendelea kugonga bati lake.

"Mjumbe," akasema, "mdomo wangu huu ni wa kulia ugali na kujibia salamu. Wa kuichekea mashine sina."

"Usipocheka hutapanda basi, Hemedi."

"Sipandi."

Na hakupanda kweli. Alitembea kwa miguu kwenda kununua bati, akarudi nalo kichwani. Mpaka moyo ulipoanza kumsumbua, miguu ikavimba, na hospitali ya moyo iko upande wa pili wa Jiji. Mabasi ya zamani yalishapigwa marufuku, na teksi ni za watu wa teksi. Mkewe, Siwema, akaenda kumnunulia kadi.

Siwema namwita shemeji, kwa kuwa Hemedi nilimhesabu ndugu. Ni mwanamke mfupi, mkakamavu, anauza vitumbua, na katika mtaa mzima ndiye peke yake aliyekuwa akimweza Hemedi. Alinisimulia baadaye walivyopatana kuhusu shida ya geti. Alimwambia, "Baba Mwanakombo, ukifika pale usiitazame mashine. Mimi nitapita kwanza, nisimame nyuma yake. Nitazame mimi."

"Kisha?"

"Kisha ufanye unavyofanya ukinitazama."

Asubuhi ile Siwema alipita, akasimama nyuma ya mashine, akajitanda kanga yake vizuri. Hemedi akagusisha kadi. Akamtazama mkewe juu ya lile jicho la kioo, na yule mtu ambaye mimi sikuwahi kuona meno yake, akatabasamu. Geti likafunguka. Siwema aliniambia alitamani kumshika mkono pale pale mbele za watu, akaona haya. Wakaenda zao kwa daktari, na daktari akasema warudi baada ya mwezi.

*

Hemedi alikata roho kwenye basi la kurudi. Alikuwa amekaa dirishani, kichwa kwenye bega la mkewe, na Siwema alidhani amelala. Basi lilipopita kwenye tuta, mkono wa Hemedi ukaanguka na mfuko wa dawa ukaanguka nao. Akajua.

Hakupiga kelele. Alifanya yale ambayo sisi sote tumeona mama zetu wakiyafanya. Alimfumba macho kwa kiganja. Alichana upindo wa kanga yake, akaupitisha chini ya kidevu, akaufunga utosini ili taya lisiachie. Abiria wawili wakamsaidia kumnyoosha miguu kwenye kiti cha nyuma, na mwingine akatoa koti lake la kumfunika. Halafu akanipigia simu.

"Mjumbe, Baba Mwanakombo ametutoka. Tuko Kituo Kikuu. Mwambie Maalim aje na jeneza, tumzike leo leo."

"Inna lillahi," nikasema. Nikakaa chini kwanza. Kisha nikachukua mihuri yangu na kadi yangu, nikaondoka.

Maalim Zubeiri alifika na wanaume wa mtaa wakiwa na jeneza, wakasimama nje ya geti. Wao hawakuwa na sababu ya kuingia. Mimi niliingia kwa sababu za kiofisi. Abiria wema walikuwa wamembeba Hemedi kutoka kwenye basi, wamemlaza kwenye benchi, na Siwema ameketi sakafuni kichwani pake.

Geti Namba Sita lilikuwa na msimamizi mwandamizi, Bwana Sekiete, mtu wa makamo, mpole, suti ya bluu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Aliweka mkono kifuani.

"Poleni sana na msiba," akasema. "Kweli inauma. Sasa abiria asogee agusishe kadi atoke."

"Amefariki, bwana," nikamwambia. "Mimi ndiye mjumbe wake. Muhuri huu hapa."

Akatazama kioo chake kwa makini. "Kwenye mfumo ameingia Kituo cha Hospitali na hajatoka. Asiyetoka yuko safarini, Mjumbe. Aliye safarini hajafa."

"Mtazame basi mwenyewe, yule pale!"

"Mimi nimeajiriwa kutazama kioo," akasema kwa upole ule ule.

Tukaona tusibishane. Tukambeba Hemedi watu wanne mpaka getini, tukamsimamisha kwa kumshika kwapani, Mungu atusamehe, na mimi nikaigusisha kadi yake. Ile sauti laini ikasema, "Mpendwa Hemedi, tazama hapa. Tabasamu."

Tukangoja.

"Hatujayaona macho yako, Hemedi. Tafadhali fumbua macho. Tabasamu."

Siwema akanyoosha mikono yake mifupi, akamziba mumewe masikio. Alisimama hivyo, kwa ncha za vidole vya miguu, mpaka mashine ikanyamaza. Nimeona mengi katika uongozi wangu lakini lile lilinivunja.

Bwana Sekiete alikuja karibu, na sasa uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kikazi.

"Nani amemfumba macho huyu?"

"Mimi," akasema Siwema. "Mke wake."

"Na kitambaa cha taya?"

"Mimi."

"Ulikuwa na kibali?"

Siwema hakuelewa. "Kwenu mtu akifa mnamwacha anakodoa?"

"Mama, sisi tunafuata mwongozo." Akashusha sauti. "Ungemwacha kama alivyokuwa, tungeweza kusaidiana. Wapo abiria walioishiwa nguvu safarini wakabaki macho wazi na mdomo wazi, na mashine ikaona wanacheka, wakatoka vizuri tu. Sasa wewe umefanya haraka. Umemfunga!"

"Nimemstiri," Siwema akasema.

"Ndiyo hivyo, umemstiri. Mfumo haumwoni." Akafikiri. "Kitambaa kifunguliwe, macho yafumbuliwe, na vijana wangu wawili wavute midomo pembeni kidogo. Hawachukui hata dakika."

Siwema akasimama katikati yake na maiti. "Atakayemgusa mume wangu usoni nitamng'ata."

*

Kwa nje Maalim Zubeiri alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili. Ni mtu mtulivu, husomesha watoto, lakini siku ile mishipa ya shingo ilimsimama.

"Bwana wee, maiti haiwekwi! Inaoshwa, inasaliwa, inazikwa. Kaburi liko wazi! Mlango ule wa pembeni ni wa nini?"

Ulikuwepo mlango, kweli. Mpana, mwekundu, umeandikwa DHARURA kwa herufi kubwa. Ulikuwa umefungwa kwa utepe wa rangi za taifa, na askari mwenye bunduki amesimama kuulinda utepe.

"Ule haujazinduliwa," akasema Bwana Sekiete. "Tunamsubiri mgeni rasmi."

"Tangu lini?"

"Tangu kituo kilipojengwa."

Utepe wenyewe ulishapauka, buibui wamejenga pembeni. Maalim akauliza kama haiwezekani kuinama tukapita chini yake. Askari akakoki bunduki. Nikamwambia Maalim, kwa heshima zote, aachane na utepe.

Saa zikaenda. Taya la Hemedi likakaza kama lilivyokuwa likikaza alipokuwa hai na amekataa jambo. Jua likawaka kwenye vile vioo, na kadiri muda ulivyopita ndivyo kadi yake ilivyokatwa salio, kwa kuwa alikuwa ndani bila furaha. Mashine ikaanza kutangaza, "Mpendwa Hemedi, salio lako halitoshi. Tafadhali ongeza salio." Mtaani walishachanga rambirambi, wakazileta kwa Maalim, na zilikuwa za sanda na za ubao wa kaburi. Nilimwona Maalim akienda kwenye dirisha la wakala, amevaa kanzu yake nyeupe, akamwongezea marehemu salio. Aliporudi alikuwa anafuta macho kwa kofia.

Tulilala pale.

*

Kesho yake asubuhi alikuja Waziri. Aliingia na magari matano kwa kupitia barabara ya mabasi, maana waziri si abiria. Maalim alipiga kelele kutoka nje kuuliza kwa nini maiti isipitishwe njia hiyo hiyo. Alijibiwa na msaidizi kwamba ile ni njia ya magari, na marehemu si gari.

Mheshimiwa Dakta Lumuliko alimsogelea Hemedi kwa hatua chache, akatoa kitambaa akaziba pua, akageukia kamera.

"Ndugu wananchi, nimefika mwenyewe kuona kinachoitwa tatizo. Nataka niliseme wazi. Tangu mradi huu uanze hajafa abiria hata mmoja. Hata mmoja! Na huyu ndugu yetu hatakuwa wa kwanza kutuharibia. Mfumo wetu haumjui tajiri wala maskini, haumjui mzima wala, wala huyo mwingine. Hausikilizi amri ya mtu yeyote, hata mimi. Hilo ni jambo la kujivunia!"

"Mheshimiwa," Maalim akaita, "tunakuomba ukate huo utepe. Wewe si mgeni rasmi mwenyewe?"

Waziri akacheka kwa unyenyekevu. "Mimi? Mlango mkubwa kama ule? Ule ni wa Mkuu wa Nchi, shehe wangu. Na bendi iwepo."

Kisha akainama kwa Siwema, na hapo naomba mnielewe, hakuinama kwa ubaya. Alizungumza naye kama mtu anavyozungumza na mtoto aliyefungia ufunguo chumbani.

"Mama, tatizo hili ni dogo na liko mikononi mwako. Serikali imefanya sehemu yake. Geti liko wazi kwa kila mwenye furaha. Fanya na wewe sehemu yako."

Siwema alikuwa amekaa na kipande cha katoni, anamfukuzia mumewe inzi. Hakunyanyua macho. "Furaha yake mlishaiona jana," akasema. "Pale hospitalini. Hamkuiweka?"

Bwana Sekiete akatazama kioo chake haraka. "Ile ilitumika, mama. Kila safari na tabasamu lake."

Waziri akaondoka kwa njia ya magari.

*

Kufikia alasiri mwili ulikuwa umeanza kulegea, na harufu ilikuwepo, sitawaficha. Abiria walikuwa wanapita wameziba pua mpaka kwenye geti, wanaondoa mkono, wanatabasamu, wanaziba tena. Vijana wa usafi walinyunyiza manukato ya waridi. Ilikuwa mbaya zaidi.

Nilikaa karibu na Siwema. Nikamwambia, "Shemeji, mimi sikuelekezi. Lakini akibaki humu usiku mwingine, hata kuoshwa itakuwa shida. Ataoza mbele ya watu."

"Najua, Mjumbe. Mimi ndiye ninayemnusa."

Halafu akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama.

"Msimamisheni. Halafu geukeni. Wote mgeuke."

Tukamsimamisha, tukageuza nyuso. Mimi, kwa kuwa ni mjumbe na ninapaswa kushuhudia, niligeuka kidogo tu. Alisimama nyuma ya Hemedi, amepanda juu ya ndoo ya watu wa usafi. Akafungua fundo la utosini. Nilimsikia anasema naye, sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mwenziwe kwa ajili ya daku.

"Niwie radhi, Baba Mwanakombo. Niwie radhi. Kidogo tu. Nilikufunga mimi na ninakufungua mimi. Wasikuguse wao. Kidogo tu, baba."

Akamfumbua macho kwa vidole gumba, moja baada ya jingine. Kisha akashika ngozi nyuma ya masikio, pale mashine isipoweza kuona mkono, akaivuta taratibu. Midomo ikapanda. Meno ya Hemedi yakaonekana, madogo, ya manjano kwa ugoro, na juu yake macho yale yasiyotazama kitu.

"Mpendwa Hemedi," ikasema sauti, "asante! Tumefurahi kuona umefurahi. Karibu tena."

Geti likafunguka.

Wanaume walimpokea upande wa pili kama watu wanaopokea mtoto kutoka kwenye moto. Maalim akamfumba macho upya, akalifunga taya kwa kilemba chake mwenyewe. Wakamlaza kwenye jeneza, wakamfunika, wakaliinua mabegani, na sauti ya tahlili ikapanda mpaka kwenye vioo vya kituo. Walikwenda mbio mbio, jua lisije likazama.

Siwema aliteremka kwenye ndoo. Alisimama akatazama jeneza mpaka likapinda kona. Kisha akachukua mfuko wa dawa, ambao alikuwa nao muda wote ule, akaja getini, akagusisha kadi.

"Mpendwa Siwema, tazama hapa. Tabasamu."

Akatazama pale.

"Hatujaona tabasamu lako, Siwema. Jaribu tena."

"Jitahidi, mama," akasema Bwana Sekiete. Nadhani alikuwa anamhurumia kwa dhati. "Yeye ameweza."

Siwema akamgeukia. "La mume wangu mmelichukua," akasema. "Langu hamlipati."

Akarudi kwenye lile benchi, akaketi.

*

Yuko pale mpaka leo. Mfumo unasema yuko safarini.

Anakalia eda pale pale, nyuma ya nguzo, amejitanda nguo nyeupe. Wanawake wa mtaani walimpelekea mkeka na birika, wakaweka tanga kituoni, na biashara ya vitumbua anaendeshewa na jirani, ambaye humwongezea salio kila jioni wasije wakamfungulia kesi ya kukaa bila nauli. Mwanakombo, binti yao, ameolewa mbali, na alipokuja kumlilia baba yake alilia humo humo ndani na mama yake, mpaka sauti ikakauka. Kisha akaenda getini akatabasamu, kwa sababu kule alikotoka ana mtoto anayenyonya. Kina mama wote waliokuja kutoa pole walitabasamu wakitoka, mmoja baada ya mwingine, kanga bado zimelowa. Mwezi ule Wizara ilitangaza kwamba hata abiria waliotoka msibani wameridhika na huduma, jambo ambalo halijawahi kutokea popote.

Na Hemedi alishinda. Sikuwaambia? Kuna shindano la Tabasamu la Mwezi, mfumo wenyewe ndio unaochagua, hakuna upendeleo. Picha yake wameibandika kwenye bango kubwa mbele ya Kituo Kikuu, kubwa kuliko nyumba yangu. Meno yote nje, macho wazi. Chini yake wameandika: NIMEFIKA, NIMEFURAHI. Watu wanaopita wanasema anaonekana mzima kabisa. Mimi ninayemjua huwa napita nimeinamisha kichwa, nikitazama viatu vyangu. Kutoka kwenye benchi la Siwema bango linaonekana kwa nyuma, vyuma na mbao tu, na hilo namshukuru Mungu.

Mtaani kwetu sasa kuna desturi mpya. Mgonjwa akizidiwa na akalazimika kupanda basi, wenziwe hawamkalii karibu wakiwa na kiganja tayari kumfumba macho. Wanamwacha macho yake yalivyo mpaka wavuke geti. Maalim amekataza, amesema na kusema, lakini watu wanaogopa. Juzi nilimsikia mama mmoja akimwambia mumewe mgonjwa, "Ukihisi unakwenda, baba, kenua."

Jana nilimpelekea Siwema chakula. Amekonda. Tulikaa, tukazungumza habari za mtaa, za mvua, za kibanda cha Hemedi ambacho sasa kimefungwa, na mimi nachelewa kuamka. Nikaona nimsihi tena, maana uongozi ni kusihi.

"Shemeji, toka basi. Ni kitu kidogo tu. Wote tunafanya. Siri yake ni kutofikiria. Ukifika pale, usifikirie kitu chochote."

"Nikiacha kumfikiria, Mjumbe, natoka nakwenda wapi?"

Nikaanza kukusanya vyombo.

"Na wewe?" akaniuliza. "Leo ukitoka hapo, ukinikumbuka mimi hapa na yeye kule juu bangoni, utatabasamu?"

"Mimi ni kiongozi, shemeji," nikasema. "Nina watu wananisubiri."

Akaitikia kwa kichwa, hakunilaumu. Nilitamani anilaumu. Nikabeba bakuli zangu mpaka Geti Namba Sita, nikagusisha kadi, na nilijua ananitazama mgongoni.

"Mpendwa Mjumbe, tazama hapa. Tabasamu."

Sikufikiria kitu. Geti lilifunguka mara moja.